Vyombo vya Mwanne, Karatasi ya Zahoro

Sehemu ya sita: Lori lalala ubavu, mwenye bima acheka

Naam, lori lilipinduka.

Waliosema dereva Didas ataliwahi wamekosea, na waliosema patakuwa na maiti wamekosea zaidi. Hakufa hata kuku. Pale kwenye kona ya mteremko, ukishaipa Kisarawe mgongo, lori liliinama kushoto, likasitasita kama mzee anayetafuta pa kukaa, kisha likajilaza ndani ya shamba la mihogo la watu. Ndoo zikabingirika. Mikeka ikajikunjua yenyewe. Kinu kikashika njia peke yake, kikazuiwa na kichuguu.

Mwanne na shangazi yake, Bi Biubwa, walikuwa wamekaa mbele na dereva. Wakatolewa dirishani mmoja mmoja, shangazi akitangulia kwa kelele, Mwanne akifuata kimya. Alipokanyaga chini, kitu cha kwanza alichokiona ni mumewe, Zahoro, aliyekuwa amepanda juu na mizigo, amesimama katikati ya mihogo na kaunda suti yake. Hana hata mchubuko.

Zahoro alikuwa anacheka.

Alipoona anatazamwa, akakigeuza kicheko kikawa kilio, hapo hapo, bila kupumzika.

“Vyombo vyangu! Jamani, vyombo vyangu vyote!”

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfikia limeshafungia maandazi, nitasema kwa kifupi. Mwaka huu wa operesheni, watu wa Kibuta wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, vyombo vyao vinarushwa juu ya malori kama viazi. Zahoro, aliyepata kazi ya kupima korosho huko Mkuza, Kibaha, akatangaza kwamba yeye hahamishwi. Yeye anahama. Tena anahama na bima! Kwa wiki tatu alitembea na ile karatasi kwenye mfuko wa shati, nusu ndani, nusu inachungulia, ili watu waione mihuri.

“Ninyi vyombo vyenu vikivunjika mtalia,” aliwaambia majirani. “Mimi vikivunjika nalipwa.”

Asichowaambia ni kwamba kila chombo amekiandika kwa jina lake. Na kwetu hata mtoto anajua vyombo vya ndani ni vya nani. Mwanamke huja navyo siku ya harusi, na mume akimchoka, huondoka navyo. Miongoni mwa vyombo hivyo ilikuwemo cherehani ya mkono, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimpa Mwanne chumvi, sabuni na heshima. Zahoro alimwambia, “Cherehani niachie mimi, nitaifunga vizuri,” akaitengenezea sanduku, akalipigilia misumari kwa mkono wake, siku nane kabla ya safari.

Hilo sanduku ndilo Mwanne alilolitafuta kwa macho sasa.

Lilikuwa chini ya mti wa mwembe-mwitu, limepasuka ubao mmoja. Na juu yake amekaa nani? Zahoro! Amekimbia kutoka mihogoni mpaka hapo, amelikalia kama kuku anayeatamia.

“Mume wangu, umeumia?”

“Moyo ndio umeumia, Mwanne. Usinisogelee.”

“Inuka basi niitazame cherehani.”

“Usiitazame! Utalia bure. Imesagika. Nimeisikia ikisagika.”

“Umeisikia wapi, na wewe ulikuwa unaruka?”

Didas naye akaja, mtu wa Moshi, mfupi, ana hasira za lori la tajiri wake. Akamnyooshea Zahoro kidole.

“Wewe bwana! Kabla hatujapinduka nilisikia kitu kinaburutwa huko juu. Ulikuwa unasogeza nini kwenye kona?”

“Nisogeze nini? Nilikuwa nasoma dua.”

“Dua haiburutwi. Na hilo sanduku ulilokalia, Kibuta lilipakiwa na wanaume wanne, wa tano akihimiza. Ni cherehani ya chuma gani hiyo? Nimebeba mashine za kusaga nyepesi kuliko hiyo!”

Wakati wanaume wanapigiana kelele, Mwanne alichuchumaa kama mtu anayeokota kijiko. Akachungulia pale ubao ulipopasuka.

Mawe.

Mawe ya mtoni, yamepangwa vizuri, yamefunikwa gunia. Hapakuwa na gurudumu, wala sindano, wala cherehani.

Mwingine angepiga yowe. Mwanne aliokota kijiko chake kweli, akakifuta kwa kanga, akasimama. Alijua jambo moja, kwamba mwizi ukimfokea kabla hujajua alipoficha, unamsaidia kuhamisha. Sasa hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini lori lilielemea kushoto. Mtu aliyetaka kudondosha sanduku la mawe kwenye kona, apate kusema cherehani imeangukia korongoni, alikuwa ameliangusha lori zima.

“Shangazi,” alisema polepole, “tuokote vyombo.”

“Na cherehani?”

“Cherehani haipo hapa.”

Bi Biubwa alifumbua mdomo. Mwanne akamfinya mkono. Mdomo ukafumba, lakini kwa shida, kama begi lililojaa.

Wakaokota. Ukiondoa birika lililobonyea na ungo uliokanyagwa, vyombo vyote vilikuwa vizima. Trekta la watu wa ushirika likawapitia na tela lake, na jioni hiyo wakafika Mkuza, Zahoro akiwa amelikalia sanduku lake njia nzima. Alipofika alilifungia chumbani, akaweka ufunguo mfukoni. Asubuhi sanduku lilikuwa tupu, na nyuma ya nyumba pamezuka rundo la mawe ambalo jana yake halikuwepo.

“Wezi,” alisema Zahoro, akionyesha sanduku. “Wale watu wa shamba la mihogo. Wakati tunaokota ndoo, wao wanaiba cherehani yangu.”

“Mume wangu, si ulisema imesagika?”

“Imesagika, halafu ikaibiwa.”

Msomaji, mwongo akikosa kumbukumbu, mwache aendelee kusema.

Siku ile ile Bi Biubwa akatoa shauri lake, huku anachambua mchele.

“Mwanangu, mtie hasira akuache. Huyu si ndiye aliyekuwa anakutishia talaka kila Jumapili kwa ajili ya chumvi? Akisema hilo neno leo, mbele yangu, vyombo ni vyako, karatasi yake akafungie tumbaku.”

“Atalisema?”

“Hujamwonja wewe. Mwaga chumvi.”

Mwanne akamwaga chumvi. Si ya kukosea, ya kukusudia. Ngumi nzima kwenye mchuzi wa kunde. Zahoro akakaa, akamega ugali, akachovya, akatafuna. Macho yakamtoka. Mishipa ya shingo ikasimama. Wanawake wawili wakangoja.

“Mtamu,” akasema Zahoro kwa sauti ya mtu aliyenyongwa. “Mtamu sana, mke wangu. Niongezee.”

Kesho yake alipewa wali mbichi, akausifu kuwa unakaa tumboni. Siku ya tatu Mwanne alimwambia usoni kwamba mama yake ni mchawi. Zahoro akajibu, “Wazee wana mambo yao.” Neno la talaka, lililokuwa likitoka kama chafya, sasa alilimeza kila lilipomfika kooni, maana alijua hesabu yake vizuri. Mwanamke akiachwa anachukua vyombo, na vyombo vikiondoka hakuna cha kulipiwa.

Hakuna mume aliyependa mke wake Mkuza nzima kama Zahoro alivyompenda Mwanne wiki hiyo.

Siku ya sita bwana bima akaja.

Alikuja na pikipiki, amevaa tai na miwani ya jua, mkoba wa ngozi umefungwa nyuma kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Jina lake Bwana Telesphory. Nyuma yake kampakia Didas, ambaye tajiri wake alikwisha kumwambia kwamba asipojieleza, leseni yake atafungia samaki. Na kwa kuwa karatasi ya bima inataka shahidi wa serikali, akaitwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Matano, mtu aliyechukulia ubalozi wake kwa uzito kuliko ndoa zake zote.

Wakakaa uwanjani juu ya mkeka. Bwana Telesphory akailegeza tai kidogo, akafungua karatasi.

“Bwana Zahoro, pole kwa ajali. Tuanze juu. Redio mbili.”

“Ziliumia.”

“Vipande viko wapi?”

“Viliokotwa na watoto wa barabarani.”

“Vyote?”

“Watoto wa kule wana bidii.”

Bwana Telesphory aliandika. Hakucheka, hakununa. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kusikia nyumba ya makuti ikilipiwa kama ya bati.

“Saa ya ukutani, moja.”

“Iliibiwa.”

“Makochi sita.”

Hapo Mzee Matano akakohoa.

“Ndugu Zahoro. Makochi sita?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Sisi tawini tuna benchi moja, na lina miguu mitatu. Wewe mpima korosho una makochi sita na redio mbili? Uliyapata wapi? Maana mimi, Ndugu, kwenye nyumba zangu kumi natakiwa nijue nani mkulima, nani mfanyakazi, na nani mnyo...” Hakulimalizia neno. Alilining’iniza tu hapo juu ya mkeka, kila mtu alione.

Zahoro akaanza kutoka jasho. Akitaka kulipwa, awe tajiri. Akitaka kulala kwake, awe maskini. Akamtazama bwana bima, akamtazama balozi, mmoja kulia, mmoja kushoto.

“Kweli kweli,” akasema, “yale makochi yalikuwa... vigoda.”

“Vigoda sita?” akauliza Bwana Telesphory, kalamu juu.

“Viwili. Kimoja cha kukunia nazi.”

“Redio?”

“Ile redio nilikuwa na nia ya kuinunua.”

“Zilikuwa mbili.”

“Nia zilikuwa mbili.”

Kalamu ikapita juu ya karatasi, kwaru, kwaru. Kabati la vioo likageuka rafu. Vitanda vitatu vikabaki kimoja. Seti ya chai ya vipande ishirini na vinne ikawa vikombe vitatu, na kimoja hakina mkono. Didas alikuwa ameuma ncha ya kola yake asije akaangua kicheko mbele ya balozi.

“Tumefikia ya mwisho,” akasema Bwana Telesphory. “Cherehani ya mkono, moja, nzima. Nayo ni nia?”

“Hiyo hapana!” Zahoro akapata nguvu, akakaa vizuri. “Hiyo Kibuta nzima wanaijua. Hata huyu dereva aliipakia.”

“Nilipakia sanduku,” akasema Didas.

“Ndani ya sanduku kulikuwa na nini kama si cherehani?”

Didas akamtazama Mwanne. Mwanne akatazama mkeka.

“Aliyeinunua ni nani?” akauliza bwana bima.

“Mimi. Kariakoo, Dar es Salaam. Kwa jasho langu.”

Lo! Bi Biubwa, aliyekuwa amefinywa na kunyamazishwa kwa siku sita, akapasuka.

“Kwa jasho gani? Wewe? Bwana, wewe mwenye tai, sikiliza! Mimi kusoma sijui, lakini vyombo vya mtoto huyu nilivipeleka mimi. Ngoma mbele, mimi mlangoni kwao, nataja kimoja kimoja, na watu wa upande wa mume wanajibu ‘Tumekiona!’ Ndiyo ada yetu. Kitanda cha samadari, kimoja. Tumekiona! Godoro la sufi, moja, mito minne. Tumeiona! Sufuria tano, mifuniko minne, wa tano uliibiwa pale pale na aliyeuiba namjua, alikuja na kanga ya kuazima. Sinia mbili. Birika. Kinu, michi miwili. Mikeka ya ukindu. Kanga jozi saba. Na cherehani ya mkono, aliyonunua marehemu kaka yangu, baba yake huyu, kwa korosho za msimu mzima, akalala njaa! Nilipoitaja, aliyejibu ‘Tumeiona’ kwa sauti kuliko wote alikuwa mama yako mzazi, Zahoro! Mwite!”

“Mama ni mtu mzima,” akasema Zahoro. “Amesahau.”

“Hujamwuliza!”

Bwana Telesphory alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akilinganisha maneno ya bibi na karatasi yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akavua miwani.

“Bibi, ningekuwa na mashahidi kama wewe kila wilaya ningelala saa mbili usiku.” Kisha akamgeukia Zahoro. “Sikiliza, bwana. Mimi bima nimemkatia mwenye mali. Kama cherehani ni ya mkeo, karatasi hii hainihusu. Kama ni yako na iliibiwa, tia sahihi hapa kwamba ni yako, ulinunua wewe, na kwamba tangu siku ya ajali hujaiona wala hujui iliko. Ukishatia sahihi ikaja kuonekana ni uongo, mimi sina neno na wewe. Wenye neno na wewe ni polisi.”

Kuku mmoja alipita mkekani, akafukuzwa na balozi.

Na sasa, msomaji, mtazame Mwanne. Zahoro akitia sahihi, cherehani ya baba yake inakuwa ya Zahoro kwa muhuri, mbele ya shahidi wa serikali. Hata ikionekana kesho, ataidai kwa karatasi gani? Alikuwa na mdomo, angeweza kusema yale mawe. Lakini mawe hayashoni. Akisema sasa, mume anakwenda rumande na siri ya cherehani anakwenda nayo.

Zahoro akatia sahihi.

Tena kwa mikogo, na mkia mrefu chini ya jina.

“Hodi wenyewe!”

Sauti ilitoka upande wa njia. Akaingia mwanamke wa rika la Mwanne, amevaa kanga mpya zinazonukia duka, wanja umekolea, anatembea wima kwa sababu kichwani ana mzigo. Mzigo wenyewe umefunikwa kitambaa cha mashada.

“Karibu, shoga,” akasema Mwanne.

“Starehe. Shikamooni wazee. Naitwa Mwanajuma, natokea hapo Picha ya Ndege. Nimeambiwa hapa kahamia fundi kutoka Kisarawe, anazijua cherehani kama anavyojua watoto wake. Hii yangu inanisumbua. Uzi unafanya mafundo chini, kila nikishona nashona kiota cha ndege.”

Akavuta kitambaa.

Bi Biubwa alitoa sauti kama chai inayofurika. Ua la dhahabu ubavuni, limefutika pale kiganja cha Mwanne kilipolala miaka sita. Mpini wa gurudumu, ule wa mti wa mkorosho alioutengeneza marehemu baba yake baada ya ule wa kiwandani kuvunjika.

Zahoro alikuwa anajaribu kuwa mfupi. Alikuwa ameshaishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akawa anasogea kwa makalio nyuma ya mgongo wa balozi. Lakini Mzee Matano ni mwembamba.

Mwanajuma akamwona.

“He! Zahoro! Na wewe umekuja kushonesha?”

Bwana Telesphory akamtazama Zahoro, akaitazama cherehani, akaitazama sahihi yenye mkia, wino haujakauka.

“Unamfahamu bwana huyu, dada?”

“Simfahamu vipi? Si ndiye aliyeniletea! Alishuka nayo kwenye basi, ndani ya gunia la mihogo, akaniambia...” Akasita, akaona haya kidogo, akarekebisha kanga. “Mambo yetu.”

“Bi Mwanne,” akasema bwana bima. “Nakuuliza wewe. Hii ndiyo cherehani iliyoibiwa?”

Nyuma ya balozi mikono miwili iliinuka, ikashikana, ikatikisika. Zahoro alikuwa anamwomba mke wake kwa vidole, kwa nyusi, kwa mdomo usio na sauti. Akisema ndiyo, mumewe atalala ndani leo, na cherehani itakwenda naye polisi kama ushahidi, irudi lini nani ajuaye. Akisema hapana, Mwanajuma ataitwika na kwenda zake Picha ya Ndege.

Mwanne akainuka.

“Shoga, itue kwanza, usije ukavunjika shingo.”

Akamsaidia kuitua. Akapiga magoti mbele yake. Akatoa bobini, akaigeuza, akapitisha uzi njia yake, akatia pindo la kanga yake mwenyewe chini ya sindano na kuzungusha gurudumu. Tikitikitiki. Mshono ukatoka umenyooka. Ndipo akajibu, bila kuinua kichwa.

“Hapana, bwana bima. Hii siyo iliyoibiwa.”

Zahoro akashusha pumzi ambayo nadhani ilisikika Mlandizi.

“Iliyoibiwa ni ya huyu bwana, aliyonunua Kariakoo. Hiyo mimi sijawahi kuiona, mtafutieni. Hii ni yangu, niliyopewa na baba yangu. Wala hamkuikatia bima.”

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye pikipiki, pembe ya mdomo wa Bwana Telesphory ikacheza.

“Bwana Zahoro. Tafadhali toka nyuma ya balozi. Hii ni ile yako ya Kariakoo?”

Zahoro akasogea mbele. Akisema ndiyo, sahihi yake inampeleka ndani. Akisema siyo, anampa mkewe cherehani mbele ya balozi, dereva, shangazi na mwanamke aliyemhonga.

“Si... siyo,” akasema.

“Basi hii ni ya nani?”

“Ya mke wangu.”

“Tumesikia!” akapiga kelele Bi Biubwa, akaweka na kigelegele juu yake.

“Tumesikia,” akasema balozi, akapiga muhuri wake kwenye karatasi ya bwana bima.

“Vizuri,” akasema Bwana Telesphory, anakunja karatasi. “Ya Kariakoo nitahitaji risiti. Nitakuja Ijumaa na askari, tufuate hao wezi wa mihogo pamoja. Didas, twende, leseni yako nitaisemea.”

Ingeishia hapo ningeshukuru, nipumzike mkono. Lakini kuna mtu alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, kitambaa cha mashada mkononi, hana mzigo kichwani, na neno moja limemkwama sikioni.

“Mke wako?” akasema Mwanajuma. “Mke wako yupi, Zahoro?”

Zahoro akaiona nyasi nzuri sana karibu na kiatu chake, akaichunguza.

“Wewe fundi,” Mwanajuma akamgeukia Mwanne, sauti imeshuka. “Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Wewe Mwanne? Mwanne binti Kibwana, wa Kibuta?”

“Ndiye mimi, shoga. Mbona unanitazama hivyo?”

Mwanajuma alikuwa amerudi hatua mbili nyuma. Mkono umeshika mdomo. Alimtazama Mwanne miguuni, kana kwamba anahakikisha kama imegusa chini.

Mwanne akaibeba cherehani yake, akamshika mgeni mkono, akamwingiza ndani taratibu. Bi Biubwa akafuata. Zahoro alipotaka kuingia, mlango ulimfungia puani, komeo likaanguka.

“Fungueni! Hayo ni maongezi ya nyumba yangu!”

Ndani kukawa na minong’ono. Minong’ono ikakatika. Cherehani ikaanza kuzunguka, tikitikitiki, kama mtu anayejipa kazi asikilize vizuri. Zahoro akaweka sikio kwenye ubao wa mlango. Mzee Matano, kwa ajili ya usalama wa nyumba zake kumi, naye akaweka lake.

Gurudumu likasimama ghafla.

Na sauti ya Mwanne ikatoka ndani, ile ile ya siku zote, ya upole, haijapanda wala haijashuka.

“Hitima yangu ilisomwa lini, shoga? Na hao waliokuja kuila, ulilipa wewe?”

“Hitima ya mtu aliye hai?” Mzee Matano akapayuka, ikasikika mpaka njiani, ambako Bwana Telesphory alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki, Didas amepanda nyuma.

Akaizima. Akashuka.